Jina Litakuja Nani?



Ukinunua kitu kwa mtu usiyemjua, iwe ni viatu vya mtumba, tiketi ya tamasha la kwaya au bango la sherehe ya kipaimara, ukifika wakati wa kutuma hela lazima umuulize swali moja: "Jina litakuja nani?" Hata kama umekuwa ukimfuatilia Instagram mwaka mzima na unajua mpaka timu anayoshabikia. Unaingiza namba, simu inakuonyesha jina alilosajilia laini, unalilinganisha na alilokutajia, ndipo unaweka namba ya siri. Yasipofanana, kidole kinasita.

Kijana mmoja wa hapa Mtwara alinifuata baada ya Misa ya pili akiwa na tatizo lililoanzia hapohapo. Anatengeneza mabango, kadi za harusi na video fupi. Mtandaoni ana jina alilojipa akiwa kidato cha pili, la Kiingereza, lina "z" mahali ambapo "s" ingetosha kabisa. Wateja wanamjua kwa hilo. Lakini jina linalokuja kwenye simu ni jingine, moja ya yale majina ya kwetu yanayotunza habari za siku uliyozaliwa: Shida, Tabu, Mateso, Sikujua. Sitasema ni lipi. Anasema wateja wakiliona wengine wanacheka, na mmoja alimpigia kuuliza kama simu imeibiwa. Sasa amepata kazi kubwa kidogo, ya mkataba, na kwenye fomu kuna mstari unasubiri: jina la mtoa huduma.

"Frateri," akaniuliza, "niandike lipi? Na kuanzia sasa nijitambulishe kwa lipi? Maana hili la nyumbani linaniangusha, na lile la mtandaoni ndilo linalonilisha."

Nilimwambia nitamjibu wiki ijayo. Alidhani nakwenda kusoma vitabu. Ni kweli kulikuwa na vitabu vya kusoma, lakini sababu hasa ilikuwa nyingine. Nitaisema mbele.

Tuanze na lugha yetu yenyewe. Mswahili hakuulizi unajiita nani, anakuuliza unaitwa nani. Ukimuuliza mtu "unajiita nani?" umeshamtukana kidogo, ni kama unamwambia hilo jina ni la kujitungia. Jina linatoka kinywani mwa mwingine linakuja kwangu, na kazi yangu mimi ni kuitika. Katika mzizi huohuo wa kuita ndipo tumepata neno wito, lile tunaloliombea kila mwaka Dominika ya Mchungaji Mwema. Nabii Isaya (43:1) anatuonyesha Mungu anayewakomboa watu wake na kuwaita kwa jina. Katekisimu, namba 2158, inalihesabu jina la kila mtu kuwa kitu kitakatifu. Ndiyo maana kwenye sakramenti hatutumii majina ya mtandaoni. Mtoto anabatizwa kwa jina, bwana harusi anataja jina lake mbele ya mashahidi, na siku ya upadrisho jina la mteule linasomwa naye anaitika mbele ya askofu na mbele ya mama yake mzazi.

Jina la kujipa peke yako lina ugumu wake. Kule Msimbati, karibu na mlango wa Ruvuma, aliwahi kuishi Mwingereza mmoja mstaafu, Latham Leslie-Moore. Siku za mwisho za ukoloni alijitangazia uhuru wake na kujiita Sultani wa Msimbati. Nyumba alikuwa nayo, bahari alikuwa nayo, cheo alijipa. Baada ya Uhuru serikali ikamwondoa. Nikipita pwani ile huwa najiuliza ni wavuvi wangapi walimwita sultani bila kucheka. Sisemi yule kijana na "z" yake ni Leslie-Moore. Yeye anao wanaomwita na wanaomlipa.

Tena kubadili jina si jambo la kigeni kwetu. Wazee wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao wanasimulia jinsi mtoto anavyotoka jandoni na jina jipya. Lile la utotoni linabaki nyuma, na kumwita nalo ukubwani ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo mtu akiniambia "jina la kweli ni lile ulilozaliwa nalo, basi," najua hajawasikiliza wazee wa kusini. Tofauti ni kwamba jina la jandoni lilitangazwa. Ngoma zilipigwa, ndugu walikuwepo, pombe ilipikwa. Kila aliyekujua jana alijua leo unaitwa nani, na aliyekuwa anakudai aliendelea kukudai. Sasa linganisha na jina lililozaliwa saa nane ya usiku, mtu peke yake na simu chini ya shuka.

Na hata kuficha sura tunakujua. Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma wana ngoma ya mapiko. Mchezaji anafunikwa kichwa kwa kinyago cha mti, mwili unafunikwa nguo, na ambao hawajapita jandoni hawatakiwi kujua ni nani aliye ndani. Kinyago kinaigiza, kinadhihaki, watu wanacheka mpaka machozi. Lakini wenye ngoma wanamjua. Ndio waliomvalisha. Akivuka mpaka, wapo wa kumwita pembeni akaitika. Ninapenda kufikiri kwamba neno la Kilatini "persona", ambalo Kanisa lilikuja kulitumia kwa Nafsi tatu za Mungu mmoja, nalo lilianzia mchezoni, likiwa na maana ya kinyago cha mwigizaji. Kumbe kinyago na nafsi havikuanza kama maadui. Swali ni kama yuko mtu anayejua nani yuko ndani.

Hapa nataka kusahihisha jambo moja tunalolisikia sana kwenye semina za vijana, na mimi mwenyewe nimeshalisema. Tunasema Sauli aliongoka akabadilishwa jina akawa Paulo. Ukisoma Matendo ya Mitume taratibu hulioni hilo. Njia ya Damasko iko sura ya 9, na baada yake bado anaitwa Sauli. Ni sura ya 13, mstari wa 9, huko Kipro mbele ya liwali wa Kirumi, ndipo Luka anatuambia kwamba Sauli ndiye pia Paulo, na kuanzia hapo safari zote ni za Paulo. Yaani alikuwa na majina yote mawili: moja la Kiyahudi la nyumbani, moja la Kirumi, na alipoingia kazini kwa mataifa alitumia lile ambalo mataifa yangeweza kulitamka. Ni kama ndugu wa damu wa kwetu, huku Yohane, ukivuka Ruvuma kwenda Msumbiji ni João, na bibi yao ana jina lake jingine kabisa la kuwaita.

Kwa hiyo Mtume wa Mataifa alikuwa na jina la kazi. Ila angalia alivyolitumia. Barua zake anaziweka alama ya mkono wake mwenyewe ili watu wasidanganywe (2 Wathesalonike 3:17). Na yale aliyoyafanya akiwa Sauli hakuyaacha yafe na jina lile. Anawaandikia Wakorintho kwamba alilitesa Kanisa. Anasimama mbele ya umati Yerusalemu na kusimulia jinsi alivyowafunga watu. Angeweza kabisa kusema, "Huyo Sauli simjui, mimi ni Paulo." Aliitika kwa majina yote mawili, kwa mema na kwa mabaya.

Siku hizi tunao mifano ya nyumbani pia. Hamis Mwinjuma, tuliyemjua kwa muziki kama Mwana FA (na hiyo FA ni falsafa, jambo linalotupa sisi wa falsafa raha isiyo na msingi), aliingia bungeni mwaka 2020 kwa Muheza. Kabla yake Joseph Mbilinyi, Sugu, alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini, na Joseph Haule, Profesa Jay, wa Mikumi. Jukwaani jina moja, kwenye kiapo jina jingine, na hakuna mpiga kura aliyedanganyika, kwa sababu wote walijua ni mtu yuleyule. Siasa zao si kazi yangu hapa.

Lakini yule kijana hakuuliza tu kuhusu fomu. Alisema jina la nyumbani linamwangusha, na hilo lilinikaa moyoni zaidi. Aibu ya jina ni kitu kizito. Jina kama Mateso hukulichagua. Mtu mwingine alikuwa na uchungu, akakuvalisha uchungu wake, na sasa mteja wa Dar es Salaam anaucheka.

Mwili wa pwani hii unalijua jambo hilo. Mikindani, mwendo mfupi tu kutoka mjini, ilikuwa bandari ya watumwa. Watu walioletwa kutoka bara wakifika pwani walipewa majina mengine, na ya mama zao mengi yamepotea. Sidi Mubarak Bombay, yule kiongozi wa misafara aliyetembea na Burton, Speke na Stanley, alikuwa Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akapitishwa Kilwa, akauzwa mpaka India. Historia inamjua kwa jina la mji wa utumwani.

Na tunaye mtakatifu wetu aliyepita njia hiyo. Yosefina Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, yapata mwaka 1869. Alitekwa akiwa msichana mdogo, na hofu ilikuwa kubwa kiasi kwamba alilisahau jina alilopewa na wazazi wake. Alilisahau kabisa, hakuna anayelijua mpaka leo. Waliomteka ndio waliomwita Bakhita. Neno hilo la Kiarabu ni ndugu wa neno letu bahati. Hebu fikiria dhihaka hiyo: mtoto amefungwa, ametembezwa miguu, na wauzaji wanamwita mwenye bahati. Aliuzwa tena na tena, akachanjwa mwilini chale zaidi ya mia na kupakwa chumvi kwenye vidonda. Mwishoni akafika Italia, na mwaka 1889 mahakama ya Venezia ikatamka kwamba yeye si mtumwa wa mtu. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa.

Sasa, huyu alikuwa na kila haki ya kulitupa jina la wezi. Padre yeyote angemwelewa. Akabatizwa Yosefina, na pia Margareta, na pia Fortunata, ambalo kwa Kilatini ni bahati ileile. Na Bakhita lenyewe lilibaki. Akaingia utawani kwa Wakanosa, akapika, akashona, akafungua mlango wa konventi, akafa mwaka 1947. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alipomtangaza mtakatifu, jina walilolitoa watekaji likatajwa kwenye Misa ya Roma, na leo wapo mabinti wengi wanaitwa Bakhita kwa kupenda. Sijui kama kuna njia ya kulieleza hilo kifalsafa. Ninachokiona ni kwamba jina halikumfanya yeye. Yeye ndiye alilifanya jina, kwa jinsi alivyoitika kila mara lilipoitwa.

Nilimwambia kijana wangu aende akamuulize mama yake siku ile aliyozaliwa ilikuwaje. Hakuwahi kuuliza. Aliporudi hakunisimulia yote, na mimi sikudai. Alisema tu kwamba jina lile lilikuwa la kuaga. Mama yake aliona taabu ya muda mrefu, na alipomshika mtoto mikononi akasema taabu ile imeishia hapa. Alikuwa amelibeba miaka ishirini na mitatu akidhani ni laana.

Kuhusu fomu, jibu lilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Serikali yetu haikatazi kufanya biashara kwa jina la kubuni. Sheria ya majina ya biashara, Sura ya 213, inachotaka ni kwamba ukitumia jina lisilo lako basi ulisajili, siku hizi kupitia BRELA, ili ijulikane nani yuko nyuma yake. Ukitafakari, hiyo ni busara ya mapiko iliyoandikwa kwa lugha ya mawakili: vaa kinyago chako, ila wenye ngoma tukujue. Kwa hiyo lile la "z" libaki kwenye bango na kwenye ukurasa. Kwenye mkataba, kwenye risiti, na mteja anapouliza kazi imeharibika nani atairudia, hapo ni majina matatu ya kwenye kitambulisho cha taifa. Na mteja akicheka, mwache acheke, hela aitume.

Kuna watu ambao ushauri huu hauwahusu, na ningekosea nisipowataja. Binti anayesimulia ukatili aliotendewa nyumbani kwao asiandike jina lake, na asijisikie mwongo. Mfanyakazi anayetoboa siri ya wizi ofisini vilevile. Hata msichana anayeuza vitenge mtandaoni na hataki kila mwanamume wa mjini ajue anaitwa nani na anaishi wapi, ana haki ya kujikinga. Mimi napenda kujiuliza swali moja tu: unajificha asikuone nani? Kama ni mwenye nguvu anayeweza kukuumiza, hiyo ni ngao. Kama ni mnyonge ambaye wewe ndiye unaweza kumuumiza, mambo yamegeuka.

Na hapo ndipo nilipokwama mimi.

Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, anamweka Glaukoni asimulie habari za mchungaji wa Lidia aliyeokota pete. Akiigeuza ndani haonekani, akiigeuza nje anaonekana. Kwa pete hiyo akamtongoza malkia, akamwua mfalme, akachukua ufalme. Darasani tuliijadili wiki nzima: je, mwenye haki akipewa pete hiyo atabaki mwenye haki? Niliandika insha nzuri, nikapata maksi nzuri. Miaka imepita, na sasa nina swali ambalo halikuwemo kwenye insha yangu na Glaukoni halisemi. Asubuhi ile mfalme alipokutwa amekufa na hakuna aliyeonekana akiingia, walimkamata nani?

Nikiwa mwaka wa pili wa falsafa nilifungua ukurasa wa utani wa Kikatoliki kwa jina la kubuni. Nilishaufuta. Utani mwingi ulikuwa mwepesi: matangazo marefu kuliko mahubiri, mzee anayesinzia kwenye litania, hayo. Likizo moja, kwenye parokia ambayo sitaitaja, nilikuwa nimekaa viti vya nyuma narekodi kwa simu. Mama mmoja wa kwaya aliimba wimbo wa katikati, sauti ikamponyoka pale juu, akashindwa kuirudisha. Jioni nikaweka kile kipande. Sura yake haikuonekana, nikajiambia basi hakuna tatizo. Nikaandika maneno chini yake ambayo siyarudii. Watu walicheka sana. Ule ndio usiku niliopata wafuasi wengi kuliko siku zote, na nilifurahi, niseme ukweli, nilifurahi.

Parokia nzima iliijua sauti ile. Dominika iliyofuata mama hakuja kwaya. Wala iliyofuata.

Niliungama. Padre alinisikiliza, akanipa kitubio, na kabla ya maondoleo akaniuliza kwa upole, "Na yeye atamsamehe nani?" Sikuwa na jibu. Nikasema nitakwenda kumwona. Likizo ikaisha nikarudi seminarini. Miaka miwili ikapita, nikahitimu falsafa, nikaanza mwaka wa kichungaji. Ndiyo maana kijana aliponiuliza habari ya majina sikuweza kumjibu pale uwanjani. Ningemjibu kwa mdomo gani?

Nilikwenda Jumatano ya wiki ileile. Nilimkuta uani anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Frateri. Karibu, chukua kigoda."

Nilimwambia yote. Sikuweka maneno ya falsafa. Nilitaja jina la ule ukurasa, nikasema lilikuwa langu, mkono ulioandika ni wangu. Aliendelea kuchambua mchele kwa muda, vidole vikaenda taratibu, vikasimama.

"Kumbe si mama Nanii," akasema.

Sikuelewa. Ndipo akanieleza. Kwenye kwaya kuna mwenzake aliyekuwa akisimama nyuma yake na aliyependa kushika simu wakati wote. Waliwahi kukwaruzana kuhusu sare. Video ilipotoka, mama hakuuliza mtu. Alijua ni yeye. Hawakusalimiana miaka miwili. Yule mwenzake alipofiwa na mama yake, huyu hakwenda msibani. Alilisema hilo akiangalia ungo.

Nilidhani nimeliacha tendo langu bila jina. Halikukaa bila jina hata siku moja. Nilipoliondoa langu watu walitafuta jingine wakalibandika, na mwenye jina hilo alikuwa amekwenda kumzika mama yake akijiuliza amemkosea nini jirani.

Nilisema samahani. Nilisema mara kadhaa, na kila mara nililiona neno lenyewe dogo. Mama hakusema amenisamehe. Aliinuka, akaufunika mchele kwa sinia, akajitanda khanga nyingine juu ya ile ya kwanza.

"Twende," akasema.

Ni mtaa wa pili, dakika kumi kwa miguu. Njiani hatukuongea. Jua la Mtwara saa tisa unalijua. Tulipofika alisimama mlangoni, akanyamaza kidogo, kisha akapiga hodi.

"Karibu! Nani?" sauti ikauliza kutoka ndani.

Sisi tumezoea kujibu "mimi", na mwenye nyumba anafungua. Mama hakujibu. Alinigeukia.

Nikataja majina yangu matatu.